Mvua Ikiisha, Kali Aende

5 Oktoba

Hili ni daftari la pampu. Kurasa za mbele zinaonyesha saa jenereta ilipowashwa na saa ilipozimwa, na afisa wa maji hupita kila mwezi akatia sahihi bila kusoma. Kurasa za nyuma hazina mwenyewe, kwa hiyo nimezichukua.

Mwenye nyumba wetu, Mzee Siyad, alikuja asubuhi akasimama mlangoni. Alikataa kiti. Alikataa na chai. Mtu wa Habaswein akikataa chai, ana neno zito.

Neno lenyewe ni mbwa. Mke wangu Kagendo anafundisha shule ya msingi, binti yetu Gatwiri yuko darasa la nne, na mimi nashinda kisimani, kwa hiyo Kali hubaki uani peke yake, na akibaki peke yake hulia. Jana ilikuwa Ijumaa. Alilia katikati ya hotuba, na msikiti uko ng'ambo ya barabara. Wanasema maalim alinyamaza kidogo ili mbwa amalize. Kali akadhani amepewa nafasi ya kuongea.

"Fundi, wewe mtu msuri," Mzee Siyad alisema. "Mwalimu pia mtu msuri. Lakini mbwa, hapana. Mfua ikiisha, mbwa ende. Ama nyinyi wote mwende."

Kwake mvua ni mfua na pampu ni bambu. Sicheki, kwa sababu yeye naye hugeuza uso nikisema ndawa badala ya dawa, kama tunavyosema kwetu Nkubu. Nilimuuliza mbona angoje mvua iishe, ilhali hata haijaanza. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu. Mawingu yameshaonekana, akasema, na mtu hafukuzwi mvuani, hata mbwa. Ila mpaka siku hiyo Kali asiachwe uani peke yake hata saa moja. Tukienda sokoni, aende. Tukienda kwenye sherehe, aende. Katika hati ya kumfukuza, Kali amepewa ruhusa kubwa ya kutembea kuliko mtu yeyote wa nyumba hii.

Kali ni wa rangi ya kahawia, sikio moja limepasuka, na alikuja hapa akiwa ndani ya katoni ya sabuni. Tulimpa jina hilo kwa matumaini. Anaogopa kuku. Bango la langoni, MBWA KALI, niliandika mwenyewe. Si onyo, ni utambulisho.

7 Oktoba

Joto. Nimeangalia juu mara nyingi kuliko nilivyoangalia geji.

9 Oktoba

Imenyesha. Imeanza saa nane mchana, matone makubwa, vumbi likaruka kabla ya kulala. Watu wote walitoka nje wakicheka. Mvua ikinyesha mabwawa hujaa na mimi nakosa kazi, lakini mwaka huu mimi ndiye nimecheka zaidi.

Mvua ipo. Tuna nyumba.

12 Oktoba

Mpira leo, shule dhidi ya vijana wa soko. Tulikaa mbali na watu, nyuma ya goli la kusini, Kali kwa kamba, Gatwiri na njugu zake, Kagendo na mwavuli na madaftari ya kusahihisha. Dakika ya kumi mama mmoja upande wa pili alimwita mtoto wake, "Kaalay!" Kali akachomoka na kamba yake, akakata uwanja katikati, akampita beki, akasimama mbele ya yule mama akitingisha mkia. Pua yake ikagusa dera.

Mama akapiga kelele. Wachezaji wakasimama. Keynan, kijana anayeshika kipaza sauti kwenye kila sherehe ya mji huu, alitangaza kwamba shule wameingiza mchezaji wa kumi na mbili.

Ndipo nikaelewa jambo ambalo mwaka mmoja na nusu sikulielewa. Kaalay kwa Kisomali ni njoo. Gatwiri humwita mbwa wake kwa kuvuta jina, "Kaleee." Sikio la mbwa halisikii tofauti. Siku zote tulidhani ana tabia ya kuzurura, kumbe ni mtiifu kupita kiasi. Kila mama wa Habaswein akiita mtoto wake, Kali anaitika.

Nguo iliyoguswa na pua mbichi ya mbwa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa mchanga. Nilikimbia kisimani nikaleta mtungi wa lita ishirini na kopo la mchanga safi. Yule mama alipokea bila kunitazama. Shule walifungwa mawili bila, na wanasema ni sisi.

13 Oktoba

Nimejaribu kumbadilishia jina. Simba, hageuki. Tomi, hageuki. Kagendo akasema nimwite Elkanah, jina langu mimi, nione kama atageuka, maana mwenye jina hilo naye akiitwa hageuki.

Mvua ipo. Tuna nyumba.

15 Oktoba

Kuhusu jirani. Upande wa pili wa ua wa miiba anaishi Ayeeyo Kaaha, mama yake Mzee Siyad, pamoja na mjukuu wake Ruweyda wa miaka mitano na mbuzi arobaini na wawili. Ayeeyo ni nyanya, na mji mzima humwita hivyo. Kila alfajiri husafisha koo, "hrrrr-hai, hrrrr-hai," kwa muda mrefu, mpaka Kagendo akataka kumpelekea dawa ya kifua. Kisha huanza kumwita Ruweyda, kaalay, kaalay, na Kali huenda kusimama uani kwake. Ayeeyo akimwona humwambia "Tag!", yaani nenda, na kumtupia chochote alicho nacho mkononi.

Huyu mama hatupendi. Nimeandika ili nisisahau.

20 Oktoba

Siku ya Mashujaa. Tulienda na mitungi miwili ya maji na kopo la mchanga, kama watu wengine wanavyobeba chapati.

Tulikaa mwisho kabisa, karibu na choo. Kamba niliifunga kwenye nguzo, mafundo matatu. Sherehe ilienda vizuri, wanafunzi wakakariri, askari wakapiga mguu. Halafu wazee wakaitwa wapande jukwaani, na Keynan hakuita mara moja. Aliita kila mzee kwa jina, na baada ya kila jina akasema kwenye spika nne kubwa, "Kaalay, kaalay, kaalay."

Kali alivumilia wazee wawili. Kwa mzee wa tatu nguzo iling'oka.

Alipanda ngazi kwa adabu, sitasema uongo. Alikaa kwenye zulia mbele ya viti akatazama umati. Wazee wengine kumi na moja, wa jukwaani na waliongoja chini, walisimama kwa pamoja, wengine wa umri ambao nilidhani hauruhusu. Keynan akasema, "Wananchi, mgeni rasmi wa pili amefika."

Watu walicheka, na hilo ndilo lililomuumiza Mzee Siyad, kwa sababu hawakusema mbwa wa Fundi. Walisema mbwa wa Siyad. Kiwanja chake, ua wake, mbwa wake. Alikuwa mzee wa tatu. Alisimama chini ya ngazi na kanzu yake mpya, hapandi wala harudi.

Tuliosha zulia. Maalim Abdilatif mwenyewe, yule ambaye hotuba yake iliingiliwa, alisimama akihesabu mpaka saba ili nisikosee. Ni mtu mwembamba, sauti yake haipandi. Aliniambia maji yangu ni safi sana na leo ameshukuru kwamba mji una kisima. Sikujua kama ni sifa au ni pole, nikasema asante kwa yote mawili.

21 Oktoba

Mzee Siyad amepita langoni bila salamu. Hajawahi.

27 Oktoba

Ayeeyo Kaaha amemrushia Kali mfupa kwa hasira. Amemkosa. Kali hakuukosa mfupa.

29 Oktoba

Amemrushia tena. Amemkosa tena. Mama mwenye chuki kiasi hiki na shabaha mbovu kiasi hiki sijaona.

Mvua ipo. Tuna nyumba.

3 Novemba

Siku ya kupanda miti, uwanja wa shule. Tulipewa kona yetu, mbali. Afisa aliyeshughulikia mashimo alikuja na jembe moja kwa watu sitini, akalivunja kwenye shimo la pili. Kali alichimba manne. Moja lilikuwa la mfupa, mengine matatu aliyachimba kwa moyo tu. Gatwiri akapanda miche mitatu ya mwarobaini pale pale. Mwalimu mkuu alipita, akatazama mashimo, akatazama mbwa, akaandika kitu. Nadhani mashimo yameingia kwenye ripoti.

Hakuna aliyeguswa. Tulirudi na mitungi imejaa. Kagendo aliimba njiani.

9 Novemba

Siku ya tano bila tone. Mzee Siyad alisimama barabarani akitazama juu. Mimi nilisimama uani nikitazama juu. Tulikuwa tunaomba vitu viwili tofauti kwa wingu moja.

12 Novemba

Imenyesha hadi choo kimejaa. Sijalalamika hata kidogo. Tuna nyumba.

18 Novemba

Leo nimeandika zaidi ya ninavyopenda.

Kagendo amezunguka mji mzima baada ya shule, nyumba kwa nyumba. Watu ni waungwana, wanamkaribisha, wanamuuliza habari za watoto wao darasani. Akifika kwenye neno mbwa, chumba kinakuwa kimeshachukuliwa na binamu. Kila nyumba ya Habaswein ina binamu anayekuja wiki ijayo.

Alirudi akakaa juu ya mtungi. Alisema tuseme ukweli, mimi na yeye. Kumpeleka Kali Nkubu kwa lori, Gatwiri atalia mwezi mzima, na mama yangu hataki mbwa. Kumwacha barabarani hatuwezi. Kwa hiyo kama ni kuondoka, wataondoka wote watatu, yeye na mtoto na mbwa, na atajaza fomu ya uhamisho.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe ubaki na bambu yako, Baba Gatwiri."

Alijaribu kucheka alipolisema. Nilitoka kwenda kukaza nati ambayo haikuwa imelegea.

24 Novemba

Redio imesema mvua itakatika wiki ya kwanza au ya pili ya Desemba. Mzee Siyad alikuja kuniambia, kwa upole, kwamba amempata dereva wa lori la mifugo anayeenda Isiolo, mtu mzuri, anaweza kubeba na vyombo. Nilimshukuru. Alipogeuka alisema, bila kunitazama, kwamba Gatwiri amemfundisha Ruweyda kuhesabu mpaka mia. Kisha akaenda.

Hii ni shida ya watu wazuri. Ukimkasirikia unajisikia vibaya.

30 Novemba

Nitaandika yote, kwa mpangilio, maana kesho kila mtu atakuwa na habari yake.

Leo ilikuwa Siku ya Mifugo. Watu wametoka Griftu na ngamia, kutoka vijijini na kondoo, daktari wa mifugo na meza yake ya chanjo, na mashindano ya kundi lililotunzwa vizuri zaidi. Ayeeyo Kaaha alikuwa ameandikisha mbuzi wake wote arobaini na wawili. Alikuwa amewapiga brashi. Mbuzi mmoja mweupe alikuwa na shanga.

Kamati ilituruhusu kwa masharti. Mbwa akae hatua mia mbili kutoka kwa watu, ukingoni mwa laga, mto wa msimu. Laga huwa ni mchanga mtupu, mtoto anaweza kucheza katikati yake mwaka mzima. Lakini mvua ya milimani ilikuwa imeteremka asubuhi, na leo lilikuwa maji ya rangi ya chai ya maziwa, yenye kasi, yakibeba matawi. Tulitandika mkeka wetu hapo kwenye ukingo chini ya mgunga, migongo yetu kwa maji, nyuso zetu kwa sherehe. Gatwiri alikuwa amemwogesha Kali. Kagendo hakuleta madaftari. Nilijua kwa nini. Ilikuwa kama picha ya mwisho ya familia.

Saa tano kundi la Ayeeyo liliingia uwanjani. Waliingia kwa mstari, siwezi kueleza uzuri wake. Majaji walikuwa wanaandika. Keynan akasogeza kipaza sauti karibu na spika ili atangaze, na spika zote nne zikapiga yowe moja, kali kama chuma kinachokatwa.

Mbuzi arobaini na wawili waligeuka kwa pamoja wakaja kwetu. Waliruka meza ya chanjo. Waliruka kamba. Walikuwa wamefungana bega kwa bega, macho yametoka, na mbele yao palikuwa na sisi, na nyuma yetu palikuwa na maji. Mbuzi mwenye hofu haoni maji. Watu walikuwa wanakimbia nyuma yao, na kila hatua yao ilikuwa inawasukuma zaidi. Nilimwona Mzee Siyad, pindo la kanzu mkononi, akipiga kelele waache, waache kukimbia, na hakuna aliyemsikia.

Ayeeyo Kaaha hakukimbia. Alibaki katikati ya uwanja, mdogo kama kijiti. Alisafisha koo mara tatu, "hrrrr-hai, hrrrr-hai, hrrrr-hai," na nikawaza, maskini, kifua chake, leo kati ya siku zote. Mbuzi hawakusikia kitu. Kisha akaweka mikono mdomoni, akaita kwa sauti ambayo sikujua anayo:

"Kaalay! Kaalaay!"

Gatwiri alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili. Alinitazama. Nilimtazama. Akaiachia.

Kali alienda kwa aliyemwita, kama alivyofundishwa. Njia fupi ilikuwa katikati ya mbuzi. Alikimbia akibweka kwa furaha, na mbuzi wa mbele, yule wa shanga, akaona mbwa anamjia na meno yote nje, akasimama kwa miguu minne kwa pamoja. Walio nyuma yake wakamgonga. Kali akajaribu kupita kushoto, kushoto pamejaa mbuzi, nao wakarudi nyuma. Akajaribu kulia, vilevile. Kushoto, kulia, kushoto, akitafuta mlango wa kupitia tu, na kila alipotafuta kundi likakunjwa kama mtu anavyokunja shuka. Mbuzi wawili walikuwa wameshaingiza miguu kwenye maji. Wakatoka. Halafu kundi lote likageuka, likarudi uwanjani mbio mbio, na Kali nyuma yake, bado anaitwa, bado anaitika, mpaka mbuzi arobaini na wawili wakasimama mbele ya Ayeeyo Kaaha wakihema.

Kali aliwazunguka, akafika mbele yake, akakaa hatua mbili kutoka kwake. Hakumgusa. Naapa hakumgusa.

Nilisikia laga peke yake. Ayeeyo alihesabu mbuzi kwa kidole, taratibu, wote. Kisha akamwambia Keynan neno, na Keynan akasema kwenye spika, safari hii akiwa mbali nazo, "Watu wangu, wako wote."

Sijawahi kusikia Habaswein ikishangilia hivyo, hata mvua ilipoanza. Wanawake walipiga vigelegele. Kagendo alikuwa amekaa mchangani analia na kucheka, na Gatwiri alikuwa anaruka juu ya mkeka akiita jina ambalo, kwa bahati mbaya, lilimfanya mbwa ageuke na kurudi kwetu kwa kasi ileile.

Wazee wakakusanyika. Mfugaji mmoja wa Griftu, mrefu, ndevu nyekundu za hina, aliuliza huyu mbwa ni wa nani. Mimi nilifungua mdomo. Mzee Siyad akashusha kanzu yake, akafunga vifungo vyote, akasema:

"Mbwa yangu."

Mtu wa Griftu akamuuliza ni mbwa wa nini, na hapo watu wote wakamgeukia Maalim Abdilatif, kwa sababu hilo ndilo swali lenyewe. Maalim hakupandisha sauti. Alisema mbwa wa kuchezea nyumbani ni jambo moja na mbwa wa mifugo ni jambo lingine, na dini imeyatenganisha hayo tangu zamani, haikungoja Siku ya Mifugo ya Habaswein. Mbwa anayelinda mifugo ana ruhusa. Asiingie nyumbani, awe na bakuli lake, anayeguswa aoshe mara saba kama kawaida. Kisha akanitazama. "Na Fundi yuko na maji."

Siyad akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka mashahidi, "Kwa hiyo anaweza kukaa?"

Maalim akasema ameona mbuzi arobaini na wawili wakiokolewa na hajui ni nani bado anangoja ushahidi.

Kundi la Ayeeyo lilipewa nafasi ya kwanza. Jaji mmoja alisema utiifu wake haujawahi kuonekana. Nilikuwa na ukweli mdomoni, kwamba Kali hajui mbuzi ni nini, kwamba alidhani anaitwa. Nikaumeza na chai. Leo nilipewa vikombe vitano.

1 Desemba

Kagendo amechana fomu ya uhamisho vipande vidogo sana. Nimemwambia karatasi ni ngumu kupatikana huku. Amechana zaidi.

3 Desemba

Watu wanakuja kumtazama Kali kisimani. Mmoja amemuuliza Gatwiri alifunzwa wapi. Gatwiri amejibu, nyumbani. Si uongo.

5 Desemba

Moyo umenisuta. Nilichukua mtungi wa maji nikaenda kwa Ayeeyo Kaaha, nikakaa kwenye kivuli cha nyumba yake. Utepe wa ushindi ulikuwa umefungwa kwenye ua wa miiba, upande wetu. Nilimweleza yote. Kwamba Kali alisikia jina lake tu. Kwamba yeye alikuwa anaita mbuzi na mbwa akaitika kwa makosa. Kwamba sitaki jina jema lisilokuwa letu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu alicheka mpaka akashika mbavu, na Ruweyda akatoka ndani kuangalia nani anakufa.

"Fundi," alisema, "mbusi haijui kaalay. Kaalay ya watu. Mbusi iko na maneno yake." Akaweka ulimi juu, akasema: "Hrrrr-hai."

Mbuzi wote uani waliinua vichwa.

Mwaka mmoja na nusu. Tulikuwa tumeshamnunulia dawa ya kifua, iko kabatini hadi leo.

"Mimi naona miesi miwili," aliendelea. "Naita Ruweyda, mbwa nakuja. Naita Ruweyda, mbwa nakuja. Ile siku mbusi imeshiba hofu, haisikii mimi. Mbele yake ni nani? Ni mbwa. Sasa mimi niite nani, Fundi? Niite wewe?"

Nilimuuliza kuhusu mifupa. Alinitazama kwa huruma kama vile ninavyomtazama afisa anayetia sahihi bila kusoma.

"Kama nataka kupiga mbwa, napiga. Mimi mkono yangu haikosi."

Nimerudi nyumbani na mtungi mtupu. Nimefungua ukurasa wa tarehe kumi na tano Oktoba, pale nilipoandika ili nisisahau. Sikuufuta. Acha ukae, nione nilivyokuwa.

8 Desemba

Manyunyu tu. Kali amelala langoni.

11 Desemba

Hakuna wingu.

14 Desemba

Siku ya sita kavu. Mabwawa yanaanza kushuka na foleni imerudi kisimani. Asubuhi Mzee Siyad alikuja akasimama mlangoni. Kagendo aliweka kisu cha vitunguu chini. Siyad alitazama juu, anga lote buluu, akasema mvua imeisha.

Nikasema ndiyo, mzee.

Akasema tukae basi. Alikaa. Alikunywa chai vikombe viwili, akaomba cha tatu. Alikuwa na sharti moja, kuhusu bango la langoni. Watu wanaopita wanasoma vibaya, akasema, wanadhani ni mbwa wa fujo. Nimeliandika upya mbele yake, akisimamia kila herufi: MBWA KALI WA MIFUGO. Alilitazama kwa mbali, akalitazama kwa karibu, akasema rangi ingekuwa ya kijani.

Kisha habari ya pili. Yule mtu wa Griftu amealika kundi la Ayeeyo kwenye mnada mkubwa wa mwezi ujao, si kuuza, kuonyesha. Lori limepatikana, ni lile la Isiolo. Mbuzi watapanda nyuma, mbwa atafungwa mlangoni, na Fundi na Mwalimu na Gatwiri wanaombwa wasikose, na mitungi yao.

Saa kumi, jua likiwa linapungua, Ayeeyo Kaaha alitoka akasimama kwenye ua. Aliita mara moja, bila haraka, "Kaalay."

Ruweyda alikuja. Gatwiri alikuja. Mimi pia nilijikuta nimesimama. Kali alifika wa kwanza.

"Nyinyi rudini," Ayeeyo alisema. "Naita mtu wa kasi ya mbusi." Akamrushia mfupa, taratibu, ukatua katikati ya miguu yake ya mbele.

Mvua hakuna. Tuna nyumba.